Shimo linalojifunika lenyewe

Mjomba wangu ana gati ndogo ya mawe kule Nguba, Bukavu, kwenye ziwa Kivu, pale boti za kisiwa cha Idjwi zinashushia ndizi, nanasi na makaa, na kwa miaka mitatu mfululizo mvua ya mwezi wa nne ikipita lazima aite kamio, yani lori, ya mawe. Mwaka niliorudi Bukavu nimemaliza masomo ya injinia alikuwa ameshaita tatu, mawe meusi ya basalti, mazito kweli, na bado ncha ya gati ilikuwa imeshuka kama mtu aliyechuchumaa. Akanisimamisha pale juu, akanionesha kwa kidole, akasema: "Mupwa, weye njo ulisoma haya mambo. Haya majiwe inaendaka wapi? Kamio tatu nilishaleta, na bado inazama tu."

Mi nikajibu haraka, kwa sababu nilikuwa nimetoka shule na jibu lilikuwa mdomoni: mjomba, mawe ni mepesi, mawimbi yanayabeba. Yeye tayari alikuwa amemfukuza masoni mmoja, fundi wa kujenga, akisema amemuibia sima, yani saruji. Kijana mmoja anayevua sambaza pale, wale samaki wadogo wa ziwa, ambaye anazama vizuri, akatusikia tukibishana, akavua shati akaingia majini. Alikaa chini, akarudi kupumua, akarudi tena, mara nne au tano hivi, alafu akaja akashika ukingo wa gati na kusema: "Majiwe yote iko. Imelala chini kwa mustari, nusu iko ndani ya muchanga."

Hiyo sentensi ndiyo iliyonifanya niandike haya yote. Mawe hayakubebwa na mtu wala wimbi, mawe yalikuwa palepale, ila ardhi chini yao ndiyo iliyoondoka. Na masoni wa watu alikuwa amesingiziwa, mjomba alimtafuta baadaye mpaka kwake Kadutu akamuomba radhi, na nilimheshimu sana kwa hilo.

Sasa watu wengi wakiangalia gati au ukuta wa kuzuia mawimbi wanaangalia sehemu inayopigwa, pale juu penye povu. Huko chini hakuna anayeangalia. Lakini wimbi linapokutana na mawe halifi lote, sehemu yake inageuka na kurudi ziwani, inakutana na wimbi lingine linalokuja, na yale mawili yakipandana yanatengeneza mahali ambapo maji yanapanda na kushuka tu na mahali pengine ambapo maji hayapandi wala hayashuki, yanakwenda mbele na nyuma, mbele na nyuma, yakifagia chini. Mbele ya ukuta uliosimama wima, hapo pa kufagia panaanguka umbali wa robo ya urefu wa wimbi kutoka ukutani. Ukutani kwenyewe maji yanaruka juu, yanatisha, yanapigisha watu picha, ila mchanga unaliwa hatua chache mbele, kimya kimya.

Na mchanga una kiasi chake cha uvumilivu. Mmarekani mmoja, Albert Shields, alikaa Berlin akipima jambo hilo, na kazi yake ya 1936 bado ndiyo tunayofundishwa mpaka leo: kila punje ina uzito unaoishikilia chini na maji yana msuguano unaoivuta, na kuna mpaka kati ya hivyo viwili. Chini ya mpaka punje inakaa. Juu kidogo tu, inaanza kutembea. Ukiweka mawe majini unasumbua mwendo wa maji, na pale ambapo mchanga ulikuwa umekaa kwa amani miaka yote ghafla maji yanapita ule mpaka.

Nilijua haya kwa karatasi. Sikuwahi kuyaona kwa macho, kwa sababu chuo nilichosoma hakikuwa na mfereji wa mawimbi, tulikuwa tunachorewa kwenye ubao. Basi nikaamua nitajenga wangu, kwa parsele ya mama, kiwanjani kwake.

Mbao, bashi ya plastiki ya kuezekea, misumari, na kioo kimoja cha dirisha la zamani nilichopewa na jirani, nikakiweka ubavuni ili nione ndani. Urefu mita 4, upana senti (sentimita) 30. Chini nikaweka sakafu ya mbao alafu mchanga juu yake, senti 10, na juu ya mchanga maji ya senti 20, ambayo ni bidoni 12 za lita 20, na hizo bidoni zilipandishwa kilima na watoto wa dada yangu nikiwalipia maandazi. Upande mmoja ubao wenye bawaba unaosukumwa kwa mkono, upande wa pili ukuta. Mawimbi yanatakiwa yawe sawasawa, kila sekunde moja, na mkono wa mtu hauna saa, kwa hiyo tulitumia programu ya simu ambayo dada yangu anaitumia kwenye kwaya kushika mdundo, 60 kwa dakika. Tak, tak, tak. Tulisukuma kwa zamu, nusu saa ni mawimbi 1,800, na jioni ile mikono ilikuwa inatetemeka hata kushika kijiko.

Mchanga niliuchunga kwa kichungio cha unga mpaka ukabaki ule laini, kama sehemu mbili za kumi za milimita. Hapa ndipo ugumu mkubwa wa hii kazi ulipo na sitaki kuupita haraka.

Ukitengeneza mfano mdogo wa kitu kikubwa kuna sheria. Mi nilichagua 1 kwa 9, kwa hiyo maji yangu ya senti 20 ni ziwa la mita 1.8 pale ncha ya gati inapoishia, na muda unapungua kwa kipeuo cha 9, yani 3: dakika moja ya mfereji ni dakika 3 za Kivu, wimbi la sekunde 1 ni wimbi la sekunde 3. Mawe uzito wake unagawanywa kwa 9 mara 9 mara 9, ambayo ni 729, jiwe la kilo 40 linakuwa la gramu 55. Niliyapima moja moja kwa mzani mdogo wa jirani mnunuzi wa dhahabu, mzee mpole, alikaa pembeni akiniangalia napima mawe ya barabarani kwa mzani wake na hakusema neno mpaka nikamaliza, alafu akauliza kama yapo mengine.

Mchanga sasa. Ukiugawanya kwa 9 nao, ule wa ziwani unakuwa vumbi, na vumbi likilowa linashikana kama udongo wa kufinyanga, halitembei tena kama mchanga. Kwa hiyo huwezi kuupunguza. Labo zote zina shida hiyohiyo, kwenye labo kubwa wamejaribu makaa ya mawe yaliyosagwa, maganda ya jozi yaliyosagwa, plastiki, ili wapate punje nyepesi, na kila moja inaleta uongo wake mdogo. Ndiyo maana Wajerumani na Waholanzi wamejenga mifereji mikubwa kupita kiasi, ule wa Delft, Uholanzi, uliofunguliwa 2015 una urefu wa mita 300, ili mchanga uwe mchanga wa kweli na wimbi liwe karibu na wimbi la kweli.

Na si jambo la usafi wa hesabu tu. Mchina Xie Shi-Leng alionesha Delft mwaka 1981, kwa kuta wima, kwamba mchanga laini na mchanga mnene hazichimbwi mahali pamoja. Ule laini unanyanyuka ndani ya maji na shimo linakuja pale pa kufagia, robo ya wimbi. Ule mnene unaburuzwa chini chini, unakwenda kurundikana palepale ambapo mwenzake anachimbwa, na shimo lake linakuja katikati ya pale pa kufagia na pale pa kupanda na kushuka. Maana yake ukichagua punje vibaya kwenye labo yako, shimo litatokea, utalipima vizuri, utaandika namba nzuri, na litakuwa mahali ambapo baharini pana kilima. Nilipoielewa hiyo nilikaa muda mrefu nikitazama ule mchanga wa kichungio.

Jaribio la kwanza lilikuwa na ukuta wa ubao wima, mawimbi ya senti 4. Kwa kina kile na sekunde ile wimbi lina urefu wa mita 1.2, robo yake ni senti 30. Tulianza kusukuma. Mwanzoni, mbali na ukuta mchanga ulikaa vilevile, haukuguswa, yale mawimbi peke yake hayakuwa na nguvu ya kuutoa. Lakini mtoto wa dada yangu wa miaka tisa, aliyekuwa amebandika pua kwenye kioo, akapiga kelele: "Mama mudogo, angalia! Muchanga inatembea, ila ni pale tu!" Niliweka rula. Senti 29. Nilikuwa nimeiona hiyo robo kwenye vitabu mara ngapi, na sasa ilikuwa inatimka vumbi mbele yangu ndani ya mbao za mama, punje zinakwenda kulia, zinarudi kushoto, na kila zikirudi chache zinabaki huko zilikoenda.

Alafu nikatoa ubao nikaweka mawe ya gramu 55 kwa mteremko, moja kupanda na moja na nusu kwenda mbele, kama gati ya mjomba. Mawe yaliyolala yanameza sehemu kubwa ya wimbi, na Sumer na Fredsøe wa Denmark walilipima hilo vizuri mwaka 2000: mbele ya mawe ya mteremko shimo ni dogo kuliko mbele ya ukuta wima, na mteremko ukizidi kulala shimo linazidi kupungua. Kwangu pia ilibidi nipandishe mawimbi mpaka senti 6 ndipo nione kitu. Ila fanya hesabu: maji ya senti 20, mteremko wa moja na nusu, mguu wa mawe unaishia senti 30 kutoka ukingo wa maji. Pale pa kufagia na pale penye jiwe la mwisho kabisa ni karibu mahali pamoja. Jiwe la mguuni likaanza kuinama mbele polepole kama mtu anayesinzia kanisani, likaingia shimoni, na la juu yake likamfuata. Hakuna jiwe lililobebwa hata moja. Nikampigia mjomba simu aje aone, akaja na viatu vya kanisani, akachuchumaa mbele ya kioo nusu saa.

Kuona ni jambo moja, kupima ni lingine, na kupima ndiko kulikonichukua wiki sita. Nilianza na sindano ya kufumia iliyopita kwenye ubao unaoteleza juu ya reli mbili, unaishusha mpaka iguse mchanga unasoma rula. Sindano inazama ndani ya mchanga kabla hujahisi kitu. Nikabandika kifungo cha shati kwenye ncha, ikawa bora. Kituo kila senti 5, dakika 40, na lazima maji yatulie kabisa kwanza. Siku nyingine nilitoa maji yote nipige picha za simu kutoka pande nyingi ili kompyuta izishone ziwe umbo moja, njia hiyo inatumika sana siku hizi hata kwenye labo kubwa na inatoa umbo zuri kweli, lakini ukitoa maji haraka yanaburuza mchanga na kingo za shimo zinaporomoka. Unatakiwa uyatoe taratibu kama mtu anayemwaga maji kwenye mchele. Wenye uwezo wana leza na vifaa vya sauti vinavyokaa majini na kupiga kina huku mawimbi yanaendelea.

Mi nilikuwa na kioo na marka. Siku moja, bila kufikiria sana, nilimwambia yule mtoto achore kwenye kioo mstari wa mchanga wakati tunasukuma mawimbi makubwa, kila dakika tano. Alafu, kama dhoruba inavyofanya ikiisha, hatukusimama ghafla, tulipunguza mawimbi kidogo kidogo kwa dakika ishirini mpaka yakafa. Maji yakatulia, nikayatoa polepole, nikapima kwa sindano na kifungo. Shimo lilikuwa na milimita 11. Nikaandika. Alafu nikageuka nikaangalia kioo, na mstari wa mtoto wa kina kabisa ulikuwa milimita 19.

Nilifikiri amekosea. Tukarudia. 18 kwa 11. Tukarudia tena siku iliyofuata na mimi ndiye niliyechora. 19 kwa 12.

Ni hivi: wimbi kubwa linachimba, wimbi dogo linalokuja nyuma yake halina nguvu ya kuchimba kiasi kile ila lina nguvu ya kusogeza mchanga wa kando, na mchanga wa kando unaanguka shimoni. Dhoruba inachimba na ikienda inafunika. Kwa hiyo mtu anayekuja asubuhi, mawimbi yamelala, jua limetoka, anazama anagusa chini anakuta pako karibu sawa, anasema hapa hakuna shida, huyo mtu hasemi uongo, amepima kweli, ila amepima kidonda kikiwa kimeshaota ngozi. Na mchanga uliojaza ni mlegevu, haujashikamana, dhoruba ijayo inautoa wote ndani ya dakika chache na kuendelea pale ilipoachia. Mjomba alikuwa amepima gati yake kila mwaka kwa mti mrefu, baada ya mvua, kila mwaka alikuta kina kilekile. Ndiyo sababu alikuwa anaongeza mawe juu.

Wainjinia wa bahari wanaijua hii shida vizuri. Mombasa au Dar maji kupwa na kujaa yanaweza kubadilika mita 3 na zaidi, unaweza angalau kwenda wakati yametoka ukaona mguu wa ukuta, ingawa mpaka hapo shimo limeshajifunika. Kivu haina hiyo, mguu haujitokezi kamwe.

Kuna kifaa cha zamani kinachotumika kwenye nguzo za madaraja na nilikipenda kwa sababu hakihitaji umeme: chuma kilichosimama ndani ya ardhi, na pete nzito inayoteleza juu yake. Pete inalala juu ya mchanga. Mchanga ukiondoka pete inashuka nao. Mchanga ukirudi, pete haipandi, inafunikwa ikiwa chini kulekule. Yani inakumbuka kina kabisa. Nilijaribu kwanza mferejini kwa sindano ya kufumia na rondela ya fundi baiskeli, na kwenye ile dhoruba yetu ya senti 6 rondela ilikwenda milimita 18 ikabaki hapo, katikati ya mfereji, mbali na kioo, kwa hiyo nikajua mstari wa mtoto haukuwa jambo la kioo tu. Niliiacha pia usiku mzima kwenye maji matulivu kuhakikisha haizami kwa uzito wake yenyewe. Haikuzama.

Gatini tulitumia nondo ya milimita 16, mita 4, yule kijana wa sambaza akaishikilia chini na wawili wakaigonga kutoka kwenye pirogi, yani mtumbwi, mpaka mita moja na nusu ikaingia ardhini, nusu mita mbele ya jiwe la mguuni. Pete ni kipande cha bomba la zamani, kilo 2. Kwenye pete nikafunga kamba ya nailoni inayopanda sambamba na nondo mpaka juu ya maji ikipita kwenye kijicho cha waya, na kwenye kamba nikafunga fundo kila senti 5. Pete ikishuka mafundo yanapita kwenye kijicho. Nondo yenyewe inasumbua maji kidogo, inachimba kishimo chake, hiyo nilimwambia mjomba tangu mwanzo, ila nondo nyembamba hivyo haiwezi kuchimba sana.

Nilikuwa nimeshamueleza pia dawa yake, kwamba kabla ya mawe makubwa inatakiwa tabaka la mawe madogo chini, ili mchanga usifyonzwe kupitia mianya, na mbele ya mguu utandike mkeka wa mawe, upana wa mita mbili hivi, ambao shimo likichimbwa mbele yake yanaporomoka yenyewe kwenye ukingo wa shimo na kuuziba kabla haujafika kwenye gati. Alinisikiliza kwa adabu. Mawe madogo kwake yalikuwa mawe ya kina mama wanaoponda kokoto, hayakuwa mawe ya kuzuia ziwa.

Dhoruba ilikuja usiku wa Alhamisi, upepo wa kaskazini, mabati yalilia mtaa mzima. Asubuhi ziwa lilikuwa kioo. Kijana wa sambaza akazama kwanza, akaja juu akasema chini pako sawasawa, kama juzi tu. Mjomba hakujibu. Alipiga kasia mwenyewe mpaka kwenye nondo, akashika kamba kwa vidole viwili, akaangalia alama niliyoweka kwa rangi nyekundu, akahesabu kwa sauti mafundo yaliyoshuka. Moja. Mbili. Tatu. Alipofika sita alinyamaza, akarudia kuhesabu tangu mwanzo, na akapata sita tena. Senti 30, chini ya mchanga ambao mtu ametoka kuugusa sasa hivi.

Alikaa pale ndani ya pirogi, mkono bado uko kwenye kamba. Alafu akaniita kutoka huko.

"Mupwa. Ile majiwe madogo ulisemaka, ni kamio ngapi?"